Soksi Ndani ya Falcon

Mimi sipendi nafasi tupu. Wanaonijua pale Tianxiu, jengo la maduka ya jumla Guangzhou, watakwambia, Albina akifunga kontena, hata upepo unakosa pa kukaa. Friji naijaza suruali. Sufuria kubwa naijaza viatu vya shule, na ndani ya viatu natia mikanda. Kule Guangzhou tunalipia ujazo, hatulipii uzito, kwa hiyo ukiacha tundu bila kitu umesafirisha hewa mpaka Moshi, na Moshi hewa tunayo, tena safi kuliko ile. Hilo lijue mapema, maana nikisimulia habari hii watu huanza kunicheka kabla sijafika katikati.

Medard ni mtoto wa dada yangu Martina, na kwetu mtoto wa dada yako ni wako. Alikuja China kwa ufadhili kusomea uhandisi wa mitambo. Mwaka wa kwanza wa kujifunza Kichina akafeli, akarudia. Mwaka wa tatu akaumwa, akarudia tena. Basi ikafika mwezi wa tisa 2006, ufadhili unaisha mwezi wa sita mwaka unaofuata, na safari hii hakuna kurudia. Kilichobaki ni mradi wa mwisho: achukue injini ya zamani, aifanye iishi kisasa, walimu waje waone ikiunguruma mbele ya macho yao. Ikiwaka, ana digrii. Isipowaka, anapanda ndege mikono mitupu baada ya miaka saba, na mimi niliyemwambia Martina "mwache aje, niko naye", nitaficha wapi uso wangu?

Injini tuliipata kwenye uwanja wa skrepa huko Baiyun, na ilikuja na gari zima. Ford Falcon ya mwaka 1972, milango miwili, silinda nane, boneti ndefu kama meza ya harusi. Iliundwa Australia, ikapita Hong Kong, ilivyoishia kwenye matope yale Mungu ndiye anayejua. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma. Lakini usukani, ndugu yangu, ulikuwa kulia! Kwa Mchina wa skrepa huo ni ugonjwa, maana kwao gari la usukani wa kulia halipewi namba. Mimi nikajiona niko barabara ya Moshi kwenda Arusha, kioo kimeshushwa, wifi zangu wamepanga mstari kunitazama. Nikauliza "duoshao?", bei gani, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia tu. Nilitoka pale na gari, na betri ya bure juu yake, na kuku wake ningetaka ningepewa.

Tukakubaliana na Medard: kwanza mtihani wake, kisha gari linaingia kwenye kontena langu kwenda nyumbani. Bosi Liang, fundi wa viti vya magari nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, akatupa kona ya karakana yake. Miezi minane tulikuwa pale. Kutu tuliikwangua mpaka pua zikawa nyekundu. Medard akaweka breki za diski, gia tano, kiyoyozi. Mimi nilishughulikia viti, ngozi ya bandia nyekundu niliyoipatana mpaka muuzaji akanikimbia dukani mwake mwenyewe. Na rangi ya chungwa nilichagua mimi. Medard alitaka kijivu. Kijivu! Gari si sare ya shule.

Tulichogombania hasa ni kompyuta. Alitoa kabureta akaweka injeksheni, nyaya kila mahali, vipimo vidogo kwenye kila bomba, na vyote vinaongea na laptopu yake. "Gari la mwaka sabini na mbili linataka kompyuta ya nini?" nikamwuliza. "Lilizaliwa halijui kusoma, liache hivyo hivyo."

"Mama mdogo," akasema, "hii ndiyo itakayoniambia injini inaumwa wapi."

"Mimi nikiumwa nasema mwenyewe."

Akacheka mpaka akakaa chini. Yule mtoto ana cheko la kuambukiza, nikakaa chini na mimi. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza niliruka kama msichana wa kipaimara, nikamkumbatia Bosi Liang, maskini, akabaki amenyoosha mikono kama amekamatwa na polisi.

Siku moja kabla ya mtihani Medard akanishika mabega. "Mama mdogo, nakuomba kitu kimoja tu. Mpaka walimu waondoke, usiweke mzigo ndani ya gari. Hata leso."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Bikira Maria, macho makavu.

Sasa sikiliza. Mtihani ulikuwa saa nne asubuhi, kontena linakuja saa nane mchana. Mimi saa kumi na mbili nilikuwa karakanani na mabelo yangu, Medard bado amelala bwenini. Nikajiambia buti si ndani, buti ni nyuma. Nikajaza buti. Chini ya viti nani atachungulia? Nikajaza. Tairi la akiba, nikajaza. Mwisho nikabaki na dazeni nane za soksi za watoto wachanga, za pamba, nyeupe, na hakuna pa kuzitia. Ndipo nikayaona mabomba mawili ya ekzosi. Mapya, yanang'aa, mdomo wazi, matupu kabisa. Jamani, mimi ni binadamu. Nikazitoa soksi kwenye nailoni zake, nikazishindilia kwa mpini wa ufagio mpaka kwenye silensa, dazeni nne huku, dazeni nne kule. Nia yangu ilikuwa kuzitoa saa tatu na nusu, nione tu kama zinaenea, halafu nizirudishe mchana. Zikaenea. Nilifurahi sana.

Kisha simu ikaita, kuna majora yangu mawili ya kitenge yamepelekwa duka la mtu mwingine. Nikatoka mbio kwenda kugombana. Niliporudi ilikuwa saa tatu na robo, na walimu wamekwisha kufika, mapema kuliko muda. Walikuwa watatu, vijana wawili wenye madaftari, na Profesa Qiu mwenyewe, mama wa miaka sitini hivi, blauzi nyeupe, mwavuli mkononi, hacheki. Amesimama hatua tatu nyuma ya mabomba yangu.

Medard alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Nikajipa moyo: soksi za watoto, na injini ya nguvu za farasi mia tatu, itashindwaje?

Akapiga stata. Injini ikashtuka, ikakohoa mara nne, ikazima. Akapiga tena. Ikakohoa mara mbili. Mara ya tatu hata kukohoa ikakataa.

Mafundi wa Bosi Liang wakaacha cherehani. Profesa akatazama saa yake, akasema kitu kifupi, na Medard akageuka rangi. Baadaye niliambiwa alisema: una dakika ishirini, nionyeshe tatizo na ulitatue, la sivyo naandika kwamba haikuwaka.

Medard akafungua laptopu juu ya boneti. Mistari ikapanda na kushuka. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena, kisha akainua kichwa akanitazama mimi. Sikumtazama. Nilikuwa nakagua dari.

"Mama mdogo," akasema taratibu, "kipimo kinasema injini inavuta hewa lakini haitoi. Ni kama ekzosi imeziba. Kuna kitu umeweka?"

Nitasema nini? Nilikuwa nimeapa. Mafundi wananitazama, Profesa ananitazama, na ulimi wangu mimi huwa unatangulia kabla sijafika. "Mimi? Thubutu! Mimi na ekzosi wapi na wapi? Hiyo kompyuta yako ndiyo mbovu, nilikuambia toka mwanzo!"

Na unajua alifanya nini? Aliitikia kwa kichwa. "Basi sawa," akasema, akafunga ule ukurasa. Akachukua spana, akainama, akaanza kufungua pampu ya mafuta.

Kile kitu alichokijenga miezi minane, alichokitetea mbele yangu kila siku, kilikuwa kimemwambia ukweli mtupu, na yeye amekiacha kwa sababu mimi nimesema hapana. Hakuniuliza mara mbili. Jasho lake lilikuwa linadondokea kwenye pampu nzima kabisa isiyo na kosa. Dakika zikaenda, nane, tisa, kumi. Kichwani nilimwona Martina akipokea simu kwamba mwanawe amefeli. Nikajichukia, nakwambia kweli.

"Medard!" nikapiga kelele. "Acha hiyo! Ni soksi!"

"Nini?"

"Soksi! Dazeni nane! Nimedanganya!" Halafu nikamgeukia Profesa, nikajigonga kifua, nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni, mimi, soksi, nyingi, mimi. Neno la soksi nalijua vizuri, nimezinunua miaka yote hiyo.

Medard hakunigombeza. Hakuwa na muda. Alirudisha pampu, mimi nikapiga magoti nyuma ya gari na waya uliokunjwa, navuta. Zikatoka kumi, ishirini, nyingine zikakwama ndani zimekaza kabisa. "Dakika tatu!" akaita Bosi Liang, ambaye naye sasa alikuwa ameshika waya. "Tokeni hapo!" Medard akasema, akaruka kwenye usukani. "Zilizobaki injini itazitema yenyewe!"

Akapiga stata. Ikakohoa. Akakanyaga mafuta, ikakohoa tena, ikanguruma kwa ndani kama mtu aliyezibwa mdomo, kisha, Yesu na Maria, PAA! Bomba la kushoto likatema. PAA! La kulia nalo. Soksi zikapaa mpaka dari, nyeupe, nyeusi za moshi, zinapepea, zinatua juu ya cherehani, juu ya majora ya vitambaa, juu ya madaftari ya wale walimu vijana. Profesa Qiu alifungua mwavuli wake, lakini alichelewa, na soksi moja ilikuwa imekaa begani kwake wima kabisa. Na Falcon ikanguruma! Sauti nene, tamu, vioo vya karakana vikatetemeka, mafundi wakapiga makofi, watu wa Zhongda wakaja mbio na futi zao za kupimia shingoni. Mimi nilicheza. Nilicheza peke yangu katikati ya karakana, magoti yana grisi, na wala sikuona haya.

Medard aliizima, akashuka. Profesa akaitoa soksi begani, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi. Kisha akamwuliza maswali, na Medard akajibu ameangalia chini.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anauliza kama kompyuta ilinionyesha ekzosi, kwa nini nilikwenda kwenye pampu."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba mama mdogo alisema hapana."

Profesa akaandika. Medard akachungulia daftari, akafumba macho. "Nimefaulu," akasema. "Themanini na nne. Ilikuwa themanini na tisa, amekata tano."

"Za nini?"

"Za kumwamini mtu kuliko kipimo."

Nikawaka. Nikamwambia amtafsirie kila neno: kosa ni langu, mwongo ni mimi, amrudishie mtoto alama zake, mimi aniadhibu anavyotaka. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akajibu polepole, ananitazama mimi, hamtazami Medard.

"Anasema zimekatwa na hazirudi," Medard akasema. "Na anasema amefundisha miaka thelathini, ana watoto wawili, na hajui kama yupo hata mmoja ambaye angepoteza alama tano kwa neno lake."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nililia mbele ya Wachina wote wale, na Medard akanishika mkono, mkono mchafu vile vile. Kisha nikajifuta, nikampigia Martina simu, nikamwambia mtoto wako ni mhandisi. Akapiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Halafu akauliza, kama ninavyomjua, amepata ngapi.

"Themanini na nne. Zilikuwa themanini na tisa."

"Na zile tano zimekwenda wapi?"

"Nimezila mimi, dada," nikamwambia. "Nitakueleza nikija."