Betri Tatu Zilizotangazwa Marehemu

Mchana wa Alhamisi, wali wa Kyela ukiwa umekaa vizuri tumboni, Fundi Ambakisye alijinyoosha kwenye benchi la karakana yake, akafunika uso kwa kofia, na kabla hajamaliza kusema "dakika tano tu" akaota yuko msibani.

Kwanza niseme ukweli kuhusu huyu fundi, maana yeye mwenyewe hatausema. Mikono yake ni mizuri. Injini huifungua na kuifunga kama mtu anayemenya ndizi. Ila kwenye umeme wa pikipiki ana kiburi. Miaka miwili iliyopita shemeji yake alimletea mita ya kupimia umeme, na mpaka leo imo kwenye nailoni yake, ndani ya droo, chini ya spana. "Mita ya nini?" husema. "Vidole vyangu ndiyo mita."

Kipimo chake hupendwa sana na watazamaji. Huwasha pikipiki, ikishaunguruma huchomoa waya wa betri papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, huwageukia watu. "Mmeona? Chaji inakuja safi. Betri ndiyo imekufa." Watu hutikisa vichwa kwa heshima, betri huenda kwenye pipa, mpya hufungwa.

Kwa namna hiyo, pikipiki ya Atupele, mkunga wa zahanati, ilikuwa imefiwa na betri mbili katika miezi miwili, na ya tatu ilikuwa mahututi. Wiki iliyopita ilimzimikia njiani. Alisukuma pikipiki kwenye tope saa mbili nzima, na alipofika mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa mikononi mwa jirani. Mungu alisaidia. Leo saa kumi alikuwa anakwenda ng'ambo ya mto kwa mama mwenye mimba ya mapacha, ambaye uzazi uliopita alitokwa na damu nyingi mno. Asubuhi aliiacha pikipiki karakanani na kusema, "Fundi, safari hii usiniambie imekufa. Niambie inakufa kwa nini."

Fundi aliogopa, na kuna watu ambao hofu huwakimbiza, yeye humlaza.

Basi yuko msibani. Turubai limefungwa mbele ya karakana, wanawake wameketi kwenye mikeka, na katikati zimelazwa betri tatu, zimefunikwa khanga mpaka kidevuni. Fundi anashangaa kidogo kwamba betri zina kidevu. Anatoa pole, anaketi upande wa wanaume.

Mchungaji anafungua kitabu. "Marehemu hawa walitangazwa na fundi mwenyewe. Fundi, thibitisha."

Anasimama, anavua kofia. "Nilichomoa waya, pikipiki ikaendelea kuunguruma. Kwa hiyo wamekufa."

Betri ya kwanza inainuka na kuketi. "Mimi sijafa," inasema. "Nina njaa."

"Na mimi," inasema ya pili.

Ya tatu haina nguvu ya kusema, inainua kidole. Mpishi anauliza kama chakula kigawiwe au kisubiri. Mchungaji anafunga kitabu kwa hasira. "Mwenye njaa hazikwi. Wapelekeni kliniki."

Kliniki ni karakana ileile, ila sasa imepakwa chokaa na inanuka spiriti. Nesi wa zamu ni mita. Amevaa gauni la njano, na juu ya gauni amevaa nailoni. Mkono wake wa kulia ni mwekundu, wa kushoto mweusi.

"Samahani kwa haya mavazi," anasema. "Kuna mtu hajanifungua. Baba wa watoto ni nani?"

Msiba mzima unamtazama fundi.

"Ni mimi."

"Uliwapima lini?"

"Niliwatazama usoni."

Nesi haandiki jibu hilo. Anaivisha betri ya tatu ile kaptura ya mizani ya watoto, anaitundika kwenye ndoano, anasoma. "Volti kumi na moja nukta nne. Mwenye afya, akiwa amepumzika, ni kumi na mbili nukta sita. Injini ikiwaka apande mpaka kwenye kumi na nne. Washeni injini."

Hakuna injini, kwa hiyo mchungaji anajitolea kuunguruma. Anaunguruma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea mimbari. Mshale wa mizani unapanda kidogo, unasita, unarudi palepale.

"Injini inawaka, mtoto haongezeki," anasema nesi. "Kuunguruma si kula, baba. Chakula kinaishia njiani. Twende tukaione njia."

Wanainua kiti cha pikipiki na kushuka kwa ngazi.

Chini ya kiti kuna barabara ya vumbi. Wanawake watatu wanakuja wamefuatana, wote wamevaa njano, kila mmoja na ndoo ya moto kichwani. Fundi anawafahamu mara moja: ni zile nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya chaji, kule ndani ya injini moto wa umeme unakotengenezwa. Anawaamkia. Wanaitikia bila kusimama, kwa sababu moto hausimami.

"Ndoo zenu zinalingana?" anauliza nesi.

"Tupime," wanajibu.

Nesi anawapima wawili wawili kwa mikono yake miwili. Zinalingana mpaka tone la mwisho.

"Na ardhi hamjaigusa?"

"Ni mwiko wetu," anasema wa mbele. Fundi anatazama miguu yao. Wanatembea shubiri moja juu ya vumbi.

"Hawa hawana kosa," anasema nesi.

Mwisho wa barabara kuna mlango wa ghala, na mlangoni ameketi bawabu mnene mwenye mapezi ya bati mgongoni. Huyo ni rektifaya, yule anayeupokea moto mbichi, akausawazisha, ndipo akauingiza kwenye betri. Ana mikono mitatu, mmoja kwa kila mwanamke. Miwili imeungua mpaka imekuwa makaa. Kwa uliobaki anapokea ndoo moja, na nyingine mbili zinamwagika nje.

Fundi anapiga magoti. "Nani kakufanya hivi, mzee wangu?"

"Unauliza kwa kutaka kujua, au unauliza kwa mazoea?"

"Kwa kutaka kujua."

"Siku ile wanawake walikuwa wanakuja mbio na ndoo zao, pikipiki inaunguruma. Mara mtu akachomoa waya wa betri. Mlango wa ghala ukafungwa. Moto wote ukanimwagikia mimi, na nje nasikia watu wanapiga makofi. Mkono wa kwanza ukaenda. Betri mpya ikaja, ikakaa na njaa, ukachomoa tena. Mkono wa pili."

"Lakini lazima kulikuwa na ubovu toka mwanzo," anasema fundi, na sauti yake inamwogopesha mwenyewe. "Pikipiki haikuja kwangu bure."

"Kulikuwa na kutu kwenye waya wa ethi, ule wa ardhi, pale unapofungwa kwenye bodi ya pikipiki. Msasa ungetosha." Bawabu anautazama mkono wake wa tatu. "Huu ulipanga kuuchoma leo saa tisa. Watazamaji wameshaanza kukusanyika."

Nesi anasafisha koo. "Kikulacho ki nguoni mwako," anasema, kwa upole, kama anayesoma kipimo.

Fundi analia. Analia kwa aibu, na katikati ya aibu anajishangaa kuona moyo unakuwa mwepesi, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miezi miwili anajua. Anatazama huku na huku atafute cha kumsaidia bawabu. Kwenye boksi la pikipiki kuna kopo la mafuta ya mgando. Anayachota kwa vidole vitatu na kuipaka mikono iliyoungua, polepole, huku akisema pole, pole, pole.

Akaamka. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Nje vijana wa kijiweni walikuwa wamejipanga tayari. "Fundi, chomoa basi tuone!" aliita mmoja.

"Leo hakichomolewi kitu," alisema Fundi Ambakisye. Alifungua droo, akaondoa spana, akachana nailoni kwa meno.

Vijana walicheka. Yeye alipima. Betri ikiwa imetulia, kumi na moja nukta nne. Nyaya tatu za njano zililingana, na hakuna uliogusa bodi. Aliikwangua kutu ya waya wa ethi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kisha alitoa rektifaya bila kuitazama sana, maana moyo ulimuuma, akaiweka kwenye meza. Rafuni alikuwa na nyingine nzima, ya pikipiki iliyoangukiwa na mti. Aliifunga, akaichaji betri kidogo kwa chaja ya ukutani, akawasha. Mita ikapanda: kumi na tatu, kumi na tatu na nusu, kumi na nne nukta moja. Ikatulia hapo.

Saa kumi kamili Atupele aliingia na begi lake begani.

"Haya, Fundi. Imekufa?"

"Haikufa, Dada Atupele. Hakuna hata moja iliyokufa." Alimwonyesha mita. "Ulipokuja mara ya kwanza palikuwa na kutu tu. Kile kipimo changu cha kuchomoa waya ndicho kilichounguza kifaa cha chaji. Ni mimi niliyekusukumisha pikipiki kwenye tope. Nisamehe."

Atupele akawasha mwenyewe, akawasha na taa, akapiga honi, akaiona ile namba kwenye mita haishuki. Mabega yake yakateremka kama ya mtu aliyetua tenga la mchele.

"Ndaga, Fundi, asante," alisema. "Mimi nilidhani nina mkosi. Nilishaanza kuombewa." Akacheka, na fundi akacheka, na hata vijana wa kijiweni wakacheka bila kujua kwa nini.

Akafungua boksi la nyuma aweke begi. Akatoa kopo, akalifungua, akakunja uso.

"Fundi, mafuta yangu ya mgando umeyachota wewe? Asubuhi lilikuwa jipya."

Juu ya mafuta palikuwa na alama za vidole vitatu. Fundi aligeuka, akaitazama ile rektifaya ya zamani pale mezani. Ilikuwa inang'aa mafuta kwenye mapezi yote.

"Niliazima," alisema. "Kuna mzee alikuwa ameungua mikono."

"Mafuta?" Atupele alimaka, akafunga kopo kwa hasira ya kikazi. "Watu wazima hamsikii! Aliyeungua hapakwi mafuta, anamwagiwa maji safi ya baridi. Muda mrefu. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

Pikipiki ilipopotea kwenye kona ya kwenda mtoni, ikiunguruma bila kusita, Fundi Ambakisye alichukua ndoo akaenda kuchota maji.