Vipimo Saba vya Koti

Katika karakana ya baba yangu vipimo haviandikwi. Babu hakujua kusoma, akaviweka kichwani. Baba alisoma, lakini akaona daftari ni aibu kwa fundi. Anayepima hutamka namba saba mfululizo, mkataji huzipokea na kuinama mezani. Mkataji anayeuliza mara ya pili hurudishwa kushona vifungo.

Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilipokea vipimo vya wateja watano kwa mpigo. Mafundi wakanibandika jina la Daftari, nami nikatembea kifua mbele, kana kwamba nimejiumba mwenyewe.

Mwaka uliofuata, nyuma ya ukuta wa shule, rafiki yangu alinipa msokoto wa bangi.

"Vuta. Inanoa akili."

Nikavuta. Nikavuta kabla ya darasa na baada ya darasa, miaka mitano. Sikulazimishwa, nisimsingizie shetani.

Sasa nina ishirini na mmoja, na mwaka wa pili huu sijagusa. Daktari aliniambia kichwa cha mtoto wa umri ule ni nyumba ambayo bado inajengwa, na mimi niliitia moto kabla ya kuezekwa.

"Kumbukumbu itarudi?" nilimuuliza.

"Nyingine itarudi. Nyingine sijui, wala sitakudanganya."

Baba sikumwambia. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Anapima kwa vidole, kwa utepe aliotia fundo la uzi kila inchi, ila kukata hawezi tena. Jumatatu alisema mbele ya mafundi wote, "Leo Daftari anakata. Akikata sawa, mkasi ni wake, mimi nikapumzike."

Mteja alikuwa dereva wa lori mwenye kitambi, anayemwoza binti yake. Baba akamzungushia utepe.

"Kifua arobaini na nne. Tumbo arobaini na nane."

"Fundi, hilo la tumbo ungelisema taratibu," dereva alinong'ona. "Mke wangu yupo hapo nje."

"Shemeji analijua. Si ndiye aliyelijenga?"

Karakana nzima ikacheka, baba akaendelea kutamka. Nami nilicheka. Kicheko kilipoisha nilikuwa na kifua, tumbo na mabega. Namba nne zilizobaki hazikuwepo. Nilizitafuta kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

Ningeuliza. Mdomo ulifunguka, nikawaona mafundi wananitazama, nikaufunga. Nikachukua chaki, nikabuni.

Dereva alipoondoka, baba alipitisha vidole na utepe wake kwenye kingo za kitambaa nilichokata, polepole, kama anayesoma. Kwenye mkono wa koti vidole vilisimama.

"Ishirini na mbili umeitoa wapi?"

"Kwako, baba."

"Mimi nilisema ishirini na tano."

Mafundi waliinamia cherehani zao. Hakuna aliyekanyaga pedali.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ungenirudisha kwenye vifungo."

"Ningekurudisha," alisema. "Na kitambaa cha watu kingepona."

Nikamweleza yote hapo hapo: ukuta wa shule, miaka mitano, maneno ya daktari. Alisikiliza huku akikikunja kitambaa kilichoharibika, pembe kwa pembe, kikawa kidogo kama leso.

"Nilidhani ni uvivu," alisema mwishowe. "Miaka yote hiyo nikikuchapa, nilidhani ni uvivu."

Akanituma rafuni nikalete kitambaa kingine cha rangi ile ile. Nilipokitandaza mezani, alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwangu. Akangoja mafundi waanze kushona, ili wasisikie.

"Kifua. Arobaini na nne."

Nikachora.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Tumbo. Arobaini na nane."

Nikachora. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu na wangu.

"Baba, si ulisema unapumzika?"

"Mabega," alisema. "Ishirini."