Kibuyu Changu Mbele ya Sanduku la Bupe

Mwaka ule wa tisini na nane mjukuu wangu Yoramu alilazwa hospitali ya Mvumi, anaharisha hadi macho yakazama. Asubuhi aliyougua alikuwa amekunywa maziwa ya mgando ya kibuyu changu. Mama yake, Evelina, hakunitukana. Aliacha tu kunitazama. Siku ya tatu alirudi nyumbani kuchukua khanga, akasema akiwa amenipa mgongo: "Mama, mtoto akipona, maziwa yako basi."

Nilibeba kibuyu, maziwa ya siku ile yangalimo, hadi kwa Bupe, binti wa chuo kikuu aliyepanga kwa jirani. Alikuwa akijaribu kifaa cha maprofesa wake cha kutafuta vijidudu kwenye maji na maziwa. Evelina akanifuata, mikono kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipimie haya. Kama nimemuua mjukuu wangu, nijue."

"Lakini hajafa, bibi!"

"Ndiyo maana nimewahi."

Akaunga sanduku lake kwenye betri ya gari. Akanieleza kwamba ndani mna sauti nyembamba ambayo sikio haliipati. Sauti hiyo inavisukuma vijidudu vilivyotawanyika, vikusanyike penye kioo. Kioo kimepakwa dawa ya kunasa aina moja tu, ile mbaya ya kuharisha. Kisha mwanga unamulika kuona kama kuna kilichonaswa; kikiwepo, mwanga unazibwa na mshale wa sanduku unapanda.

Mimi nikiwa na hofu mdomo haufungi. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mwimbaji wangu hasikiki, wachezaji wanajipanga."

"Nimeshindwa, nakupa mji. Chukua Dodoma."

"Dodoma nimekula, na wabunge wake wote! Ni hilo sanduku lako."

Bupe alicheka huku akitia maziwa kidogo sandukuni, kisha akainama kutazama. Mshale ulikuwa umepanda hadi mwisho.

"Unaona?" Evelina akasema. Nikakaa chini vumbini.

Bupe aliinua kioo juani. "Mbona kuna weusi hapa? Bibi, kibuyu unakisafishaje?"

"Kwa kijinga cha moto, anakisugua nacho ndani, kama watu wote," Evelina akamjibu. "Kwani kwenu Tukuyu mnasafishaje?"

Kumbe yule binti hakujua. Nami siku hiyo nilikuwa na haraka ya shamba, sikukung'uta masizi vizuri.

"Masizi yanazuia mwanga," Bupe akasema. "Tusuuze kioo. Kijidudu kilichonaswa hakitoki. Masizi yatakwenda zake."

Akapitisha maji safi. Mshale ukashuka, ukashuka, ukalala kabisa. Akarudia mara mbili, ukalala vilevile.

Evelina alikaa chini pembeni yangu. Akasema, "Mama, siku moja kabla hajaugua, gulioni, nilimnunulia juisi ya mfuko. Ile nyekundu. Alilia sana."

"Ungeacha alie."

"Ningejuaje?"

Kweli, angejuaje. Gulio lililofuata Bupe alipima juisi ya muuzaji yule. Mshale ulipanda, kioo kikasuuzwa, ukagoma kushuka. Hospitali nao walipima kwa njia yao, siku mbili nzima, wakakuta hivyohivyo. Bwana afya akaimwaga juisi yote.

Yoramu alirudi Jumamosi, shingo kama ya kuku, anadai chakula tangu mlangoni. Mimi sikunyanyuka. Evelina mwenyewe ndiye aliyekishusha kibuyu, akakitikisa, akammiminia mwanawe kikombe hadi juu. Yaliyobaki akanywa yeye.