Moyo Wangu ni Friji

Karatasi ya tisa nayo ilianza kwa shairi langu. Nilicheka, niliona wameniheshimu. Kufika ya ishirini kicheko kilikuwa kimekwisha, na kalamu nyekundu imelala mezani kama si yangu.

Swali lilikuwa moja: tunga ubeti wako, mizani nane kila kipande. Wanafunzi wangu wa chuo cha jioni, mafundi, walinzi na wauguzi, walikuwa wameandika "Moyo wangu ni tanuri", shairi nililowaghania muhula mzima, wakibadilisha neno moja tu. Moyo wangu ni pasi. Moyo wangu ni jiko. Mmoja kaandika friji. Silabi nane zimekuwa saba, na hakuna aliyesikia pengo.

Mkuu wa taaluma alizipitia karatasi zote, moja moja.

"Mwanangu, unaghani vizuri. Nakusikia mpaka ofisini."

"Ahsante, mama."

"Sijakusifu. Aliyefaulu mtihani huu ni wewe peke yako. Ijumaa niletee mpango mpya wa somo, utokane na makosa haya. Usipoleta, somo nalifuta."

Miaka miwili imepita, na bado nashangaa kwamba sikuwaka. Mimi niliyejifunza ushairi peke yangu ghalani, juu ya magunia, niliyewahi kumfokea mshairi mzima mbele ya watu! Nilisema tu, "Sawa, mama," na sauti ikatoka kama ya mtu wa chumba cha pili.

Nilifuta wiki sita za kughani. Nikaandika: wiki ya kwanza, kuhesabu. Ya pili, kuhesabu. Shairi langu sikuliweka popote. Nilisubiri jambo hilo liniume, halikuniuma. Mkuu akatia saini.

Muhula mpya, muuguzi mmoja alisoma ubeti kuhusu zamu yake.

"Kipande cha tatu kimepungua," nikamwambia.

"Kimepungua wapi, ticha? Mbona kinateleza!"

Darasa likacheka. Nikanyoosha mikono mezani, nikamwonyesha jinsi ya kukunja kidole kwa kila silabi. Ndivyo nilivyojifunza mwenyewe, na kwa aibu sikuwahi kumwambia mtu.

Alikunja, midomo ikicheza. Akakunjua, akaanza upya.

"Saba," akasema polepole. "Ngoja, ticha. Usiniambie."

Nikavuta kiti, nikakaa.