Paa la Vyumba vya Nyuma

Asubuhi ile Abass hakupiga hodi. Chiku alikuwa uani akitwanga kisamvu aliposikia kishindo juu ya paa la chumba chake, kisha mlio wa misumari inayong'olewa. Alipoinua macho aliwaona vijana wawili juu ya mabati, mmoja na nyundo, mwingine na mtaimbo. Abass alikuwa chini, mikono kiunoni, akiwaonyesha pa kuanzia.

"Nilikwambia uhame," alisema. "Ukadhani natania."

Nyumba ilikuwa ya mama yake Abass, Bi Mwatima, mjane aliyeishi vyumba vya mbele. Chiku na mumewe Rama walipanga vyumba viwili vya nyuma tangu walipooana, hapo hapo mtaani Chumbageni, na binti yao Tuhfa alizaliwa mikononi mwa Bi Mwatima, siku ya mvua kubwa ambayo gari la kwenda hospitali lilikosekana. Kisha mji ukachangamka. Wakaja wageni wa makampuni, watu wa kulipia mwaka mzima bila kuuliza bei, na kodi zikapanda mtaa mzima. Abass akamwondoa mama yake kwenye mambo ya wapangaji, akataka kodi mara tatu, tena ya mwaka kwa mkupuo. Rama alikuwa Ushongo akijenga mabanda ya watalii, na ujira wake haukufika hata nusu ya hiyo. Mkataba wao ulikuwa haujaisha, lakini Abass alipolisikia neno mkataba alicheka tu.

"Mtoto amelala ndani," Chiku alisema. "Ana homa."

"Mtoe basi."

Bati la kwanza likatupwa uani, likapindua sufuria jikoni. Chiku akakimbilia ndani. Jua lilikuwa limeshaingia mpaka kitandani, na Tuhfa amekaa katikati ya vumbi na misumari, analia bila sauti. Akambeba. Alipotoka alimkuta Bi Mwatima ukumbini, hana viatu, kanga imemteleza begani.

"Abass, washushe vijana wako. Nyumba hii yangu, na sijafa."

"Mama, rudi ndani."

"Sirudi."

Akaenda mpaka chini ya paa, akanyoosha mkono kuwazuia. Kijana wa mtaimbo alikuwa keshaling'oa bati jingine, likamponyoka. Likashuka kwa makali yake, likamchana Bi Mwatima kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akautazama mkono wake uliofunguka, damu ikijaa mapajani.

Vijana wakaruka ukuta. Abass alimtazama mama yake, na badala ya kumwendea akamgeukia Chiku.

"Umeona ulichofanya?"

Akampiga ngumi ya mdomo. Chiku akaanguka na mtoto kifuani. Teke la kwanza likampata mgongoni, la pili likampata Tuhfa mguuni, na mtoto akatoa yowe.

Chiku hakukumbuka baadaye alisimamaje. Alikumbuka uzito wa mchi mikononi, na majani ya kisamvu yaliyoganda nchani. Alimpiga Abass gotini. Alipoinama akampiga begani, na alipoanguka akampiga tayani. Alisikia mfupa ukivunjika, akapiga tena. Kilichokuja kumwogopesha ni kwamba muda wote huo moyo wake ulikuwa umetulia.

"Basi, mwanangu," Bi Mwatima alisema pale chini. "Utamuua. Na mimi ndiye niliyemzaa."

Chiku akautupa mchi. Akauzungushia kanga mkono wa yule mama, akaikaza kwa meno yaliyokuwa yakivuja damu.

Polisi walimweka ndani. Jamaa wa Abass walitaka Chiku afungwe. Bi Mwatima alifika kituoni akitokea hospitali ya Bombo, mkono umefungwa bandeji mpaka vidoleni, akamwambia askari aandike kwamba aliyeanza ni mwanawe, na kwamba yeye mwenyewe ni shahidi. Jamaa wale wakanywea, na Chiku akaachiwa. Abass alifungwa waya tayani, akaishi kwa uji. Goti lake halikukunjika tena.

"Vyumba ni vyako," Bi Mwatima alimwambia Chiku walipotoka kituoni. "Paa nitalirudisha. Kodi ile ile."

"Mama, nitalalaje nyumba moja na mwanao? Kesho atapona."

Bi Mwatima alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na asingeweza kumfukuza.

Wakapata chumba Muheza, nyuma ya ghala la machungwa, kidogo kuliko vile vya zamani na mbali na kazi ya Rama. Jioni ya kwanza, Rama akiwa amepiga magoti mlangoni akitia komeo, aliweka nyundo chini, akamwuliza mkewe kama alikusudia kumuua yule mtu.

"Ndiyo," Chiku alisema.

Rama akaokota nyundo, akaendelea kupigilia komeo.