Kiti cha Yaeko kwa Fundi Hatori

Daktari alimpa mke wangu Yaeko miezi miwili, na alipomwuliza kama kuna jambo analolitamani, Yaeko akajibu kwamba anataka kula sushi, vile vipande vya samaki mbichi juu ya wali, huko Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo. Hakuwa na maana ya sushi ya mtaani kwetu Adachi, ile inayozunguka kwenye mkanda watoto wakiinyakua. Alitaka omakase, ambako mteja hachagui kitu. Unakaa mbele ya fundi, naye ndiye anayeamua ule nini na kipi kianze. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa yetu nilikuwa nikimwambia tutakwenda mwakani, naye akiitikia sawa, mwakani. Sasa mwakani hakukuwa na Yaeko.

Basi tukaanza kuchagua mgahawa. Yeye alikaa kitandani hospitalini, magazeti yametandazwa juu ya blanketi, mkasi uko mkono wa kushoto. Mimi ni fundi wa lifti mstaafu na kazi yangu ikawa kutumwa. Nilikwenda kila alikonielekeza, nikahesabu ngazi, nikapima mlango kwa shubiri kuona kama kiti cha magurudumu kitapita, kisha nikarudi kutoa ripoti. Ukweli ni kwamba zile zilikuwa siku zetu tamu kuliko nyingi za nyuma. Tulibishana kuhusu migahawa ambayo hatukuwahi kukanyaga kama watu wanaokula huko kila wiki.

Wa kwanza ulikuwa mtaa wa Roppongi, ghorofa ya arobaini, wanapamba samaki kwa karatasi ya dhahabu. Yaeko akasema dhahabu ni ya meno. Wa pili ulikuwa na fundi kijana mashuhuri ambaye wateja humpiga picha tangu anaposhika kisu mpaka anapokifuta. Huo nao akaukata. Alisema hataki kutokea kwenye simu za watu akionekana kisogo, na nywele zenyewe zimekwisha. Tulicheka, naye akageuza ukurasa.

Wa tatu ulikuwa wa Hatori, mzee wa miaka sabini na kitu, chini ya jengo moja la Ginza, viti vinane tu, mlangoni hakuna hata kibao. Mimi niliupenda kwa sababu lifti ya jengo lile niliihudumia mwenyewe miaka tisa na nilijua inashuka taratibu bila kumtikisa mgonjwa. Shida ilikuwa moja. Hatori hapokei mtu asiyemjua. Lazima mteja wake wa zamani akutambulishe, na akishakutambulisha, ukichelewa, ukinukia manukato au usipotokea, aibu ni yake. Nikaenda kwa Usami, aliyekuwa bosi wangu, ambaye hula pale kila mwisho wa mwaka. Nikainama mpaka mgongo ukalia. Usami akapiga simu palepale.

Kesho yake Hatori alinipigia mwenyewe. Aliniuliza tusichokula ni nini, na kila mmoja wetu anatumia mkono gani, maana sushi huwekwa ikimwelekea mkono wa mlaji. Nikamwambia mimi ni wa kulia, mke wangu ni wa kushoto.

Nilipomweleza Yaeko swali hilo, alilia. Mama yake alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula. Mama yangu mimi, siku ya harusi, alimnong'oneza ashike vijiti kama watu. Na mimi nisijitoe. Tulipoalikwa kwa Usami mara ya kwanza, nilimwomba usiku ule tu atumie mkono wa kulia, akaangusha kipande cha samaki kwenye kimono chake mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza," akasema. "Ni huko huko, Baba Ritsuko. Usinitafutie pengine."

Tukawekewa Jumamosi, saa sita na nusu mchana. Daktari akakubali atoke kwa muda wa saa tatu. Binti yetu Ritsuko, anayeishi Sapporo, alimtumia skafu ya hariri ya kufunika kichwa, na yeye angefika kwa ndege ya jioni asikie habari zote. Jumamosi asubuhi Yaeko alikuwa ameshajifunga ile skafu homa ilipompanda. Muuguzi akasema hatoki mtu hapa. Daktari akaja, akampima, akaniambia ni homa ya kawaida ya dawa, leo hakuna hofu, ila kutoka hapana.

Nilitoa simu nimpigie Hatori. Yaeko akanishika mkono.

"Saa nne na nusu hii. Samaki ameshakatwa, wali umeshapimwa kwa watu wanane. Mzee Usami atauweka wapi uso wake?"

Nikamwambia Usami ataelewa.

"Ataelewa, na hatakutambulisha mahali tena maisha yake yote. Nenda. Kiti kimoja kitupu kinasameheka, viwili ni matusi. Kula, ushike kichwani kila kipande kwa mpangilio wake, uje unihadithie. Ukiruka hata kimoja nitajua."

"Nikuache peke yako?"

"Nimezoea. Siku zote ulikuwa na lifti zako."

Alisema huku anacheka, na alikuwa na haki ya kusema. Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu niliogopa aibu ya Usami, na kwa sababu ya pili ambayo sijamwambia mtu: nilitaka kwenda. Tangu alazwe, miezi mitano, nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba chenye harufu ya dawa, na nilitamani saa mbili za kuwa mtu mwingine. Nikavaa koti.

Kwa Hatori simu huzimwa mlangoni, na mimi niliizima. Kaunta ilikuwa ya mbao nyeupe iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na sehemu mbili za mwisho zilikuwa zetu. Vijiti vyangu vilielekeza ncha kushoto, kama kawaida. Vya Yaeko vilielekeza ncha kulia. Kikombe chake cha chai kilikuwa upande wa kushoto, na kitambaa cha mkono nacho kushoto. Sijawahi kuona meza imeandaliwa hivyo. Hata nyumbani kwetu, ambako ningeweza kufanya hivyo miaka yote, sikuwahi kufanya.

Hatori akaniuliza bibi yuko wapi. Kwetu huleti ugonjwa kwenye kaunta ambayo watu wengine sita wamekuja kufurahi, kwa hiyo nikasema ana mafua kidogo. Akasema pole. Nilidhani ataondoa vile vijiti, lakini aliviacha palepale.

Nilikula. Kwanza ngisi, aliyekatwa nyuzinyuzi hadi akayeyuka. Kisha samaki mweupe aliyefungwa kwa majani ya baharini. Kisha jodari mara mbili, asiye na mafuta na mwenye mafuta. Kisha kamba, bado ana joto. Kipande cha sita kilikuwa kohada, kasamaki kadogo kalikolowekwa siki, ngozi yake ya fedha. Nilitazama saa ya ukutani ili nimweleze Yaeko mwendo wa fundi: ilikuwa saa saba na dakika kumi. Daktari wa meno aliyekaa jirani yangu akasema mke wake akila kohada huwa mpole siku mbili, kwa hiyo ananunua kilo nzima. Nikacheka. Nilicheka sana, mpaka nikajifuta macho kwa kile kitambaa.

Baada ya samaki aina ya mkunga na kimanda nikainama kushukuru, nikapanda lifti yangu ya zamani. Humo ndani nikawasha simu. Hospitali walikuwa wamepiga mara kumi na moja.

Damu iliganda ikaenda kwenye mapafu, wakaniambia. Ilikuwa ghafla na hakuna aliyeitarajia. Muuguzi aliyekuwa naye alisema saa saba kasoro kidogo Yaeko alifumbua macho akasema sasa hivi wako kwenye ngisi, halafu akatabasamu. Alifariki saa saba na dakika kumi.

Walikuwa wameshamfunika uso kwa kitambaa cheupe. Nikavuta kiti, nikamhadithia, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Ngisi. Samaki mweupe. Jodari wa kwanza, jodari wa pili. Kamba. Nilipofika cha sita mdomo ukakataa. Muuguzi alisubiri mlangoni muda mrefu, kisha akafunga mlango taratibu.

Usami alikuja kwenye mkesha. Alinishika mabega yote mawili, jambo ambalo katika miaka ya kazi hakuwahi kulifanya, akasema Hatori amemweleza kuwa nilikuwa pale.

"Kwa nini hukunipigia?" akauliza. "Mimi mwenyewe nimeahirisha kwa Hatori mara tatu. Mara moja mbwa wangu alikuwa mgonjwa. Unajua alifanya nini? Aliniuliza mbwa anaendeleaje."

Nyuma yake, mbele ya jeneza, kulikuwa na bakuli la wali la Yaeko. Ritsuko alikuwa amelijaza mwenyewe hadi likawa kichuguu, kisha akaniuliza vijiti vya mama aviweke vipi. Nikamwonyesha. Vijiti vya marehemu husimamishwa wima katikati ya wali, havina kushoto wala kulia.

Tokyo nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwandalia Yaeko meza kwa kufuata mkono wake wa kushoto. Na mimi nilikaa kando ya vijiti hivyo, nikala, nikashiba, nikacheka.