Bwana Mkubwa Hataki Kula

Kwa miaka thelathini na moja nilipima watoto wa watu. Niliwapima wakilia, wakicheka, wakinikojolea sare, na hakuna mtoto mgumu wa kula aliyewahi kunishinda. Mama alikuwa akiingia kliniki, mtoto mgongoni, ananiambia, "Sista, huyu hataki chakula," nami namtazama juu ya miwani mpaka anainamisha macho. Nilikuwa mkali, sikatai. Lakini watoto walinenepa.

Kwa hiyo nilipostaafu nikaletewa mtoto wa mbwa, sikuona cha kunitisha.

Mbwa alikuja kwa sababu ya binti yangu, mwanangu wa pekee, mhandisi wa maji. Alikuwa amepata uhamisho wa kikazi kwenda mji ulio mbali, mwendo wa saa tisa kwa basi, akaamua kwamba mimi siwezi kubaki peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu na geti lisilofunga vizuri. Kila Jumapili saa nne asubuhi alifika kunishawishi nihamie naye. Jumapili ya kwanza alinipa chumba. Nikakataa. Ya pili, chumba kikapata bafu lake. Nikakataa. Ya tatu ikaja na televisheni na bustani ya mboga. Nikamwambia nyumba hii tuliijenga tofali kwa tofali mimi na marehemu baba yake, na sitoki humu kwa ajili ya televisheni.

Mwishowe tukapatana. Ningefuga mbwa mkubwa, awe mlinzi na mwenzangu. Nikiweza kumlea vizuri mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo binti yangu anahama, nabaki kwangu. Nikishindwa, nafunga virago naondoka naye.

"Sasa mama, mbwa akikonda, unahama," alisema.

"Hatakonda," nikamjibu. Kukondesha watu si kazi niliyosomea.

Aliletwa akiwa na wiki kumi na kilo tisa. Alikuwa wa jamii ya wale mbwa ambao wakisimama kwa miguu ya nyuma wanakutazama usoni, na tayari nyayo zake zilikuwa pana kuliko sahani za vikombe vyangu. Alitembea uani polepole, akakagua ndoo, akakagua kamba ya nguo, akalala katikati ya mlango wa jikoni ili kila apitaye amruke. Nikamwita Bwana Mkubwa.

Mfugaji aliyemleta alishusha na mfuko wa chakula kikavu, kile cha watoto wa mbwa wa jamii kubwa. Akaniambia nimpe hichohicho, mara tatu kwa siku, nisibadilishe. Niliitikia kwa adabu, huku nikijua nitafanya nionavyo.

Siku ya kwanza Bwana Mkubwa alikula. Siku ya pili alinusa bakuli, akanitazama, akaenda zake kulala. Nikaokota punje moja nikaionja. Ilikuwa kavu, haina chumvi, haina hata harufu ya kumpa mtu hamu. Nikaona mtoto ana haki yake.

Nikamwagia maziwa. Akala, kisha tumbo likamwendesha siku mbili, na uani hapakuwa pa kukanyaga. Nikaenda duka la vyakula vya mifugo. Muuza duka, bwana mmoja asiyetoa kijiti mdomoni, alinionyesha rafu nzima. Kulikuwa na cha kuku, cha samaki, cha kondoo, cha mbwa wazee, cha mbwa wenye ngozi laini. Nikachukua chenye picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa. Baadaye niligundua kilikuwa cha vijibwa vidogo vya kubebwa mkononi. Bwana Mkubwa alikula siku mbili, akasusa. Nikarudi, nikachukua cha mkebe. Siku tatu, akasusa. Muuza duka akaanza kuniamkia nikiwa bado upande wa pili wa barabara.

Nikahamia jikoni. Nikamchemshia kuku, nikamtolea mifupa. Kuku akimchosha, mayai. Mayai yakimchosha, maini. Na kwa kuwa mtoto anayekua anahitaji mifupa imara, nikanunua unga wa mifupa wanaopewa ng'ombe, nikawa namnyunyizia kwa juu. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nakaa kwenye kigoda, bakuli mapajani, namlisha tonge kwa tonge: hili la mama, hili la daktari, hili la jirani. Jirani mwenyewe, mwanamke wa makamo asiyepitwa na jambo, alichungulia juu ya ukuta.

"Sista, unalisha mbwa au bwana harusi?"

"Wewe chunga sufuria yako inaungua," nikamwambia. Ilikuwa inaungua kweli.

Kila Jumatatu nilimpima. Nilipostaafu, wenzangu walinipa zawadi ile mizani ya zamani ya kliniki, ya kuning'iniza, yenye kile kikaptula cha turubai ambacho mtoto anatumbukizwa miguu. Niliifunga kwenye boriti ya kibaraza. Kumwingiza Bwana Mkubwa kwenye kaptula ilikuwa mieleka, lakini akishaning'inia alitulia, masikio chini, akizunguka taratibu na kuangalia barabara. Watu walisimama kutazama. Uzito wake niliuandika kwenye kadi ya kliniki, na mstari ulipotoka juu ya kadi nikabandika karatasi nyingine.

Jumatatu ya nne mstari haukupanda. Kilo zilikuwa zilezile. Nikapitisha mkono ubavuni, nikazigusa mbavu. Nikatoa ule utepe wetu wa kupimia mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu, nikamzungushia mguu wa mbele.

Nyekundu.

Katika kazi yangu, nyekundu haina mjadala: mtoto halali nyumbani siku hiyo. Nilimfunga kamba nikaondoka naye hivyohivyo, na kanga ya jikoni kiunoni, mpaka kliniki ya mifugo nyuma ya soko. Zilibaki siku tano binti yangu afike, na mimi nilikuwa na mgonjwa wa utapiamlo.

Daktari alikuwa dada wa rika la binti yangu, mwenye buti za mpira. Alimpandisha Bwana Mkubwa mezani, akambonyeza huku na huku, akamfungua mdomo. Kisha akauona utepe mkononi mwangu.

"Mama, huo ni wa nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo nalishukuru hadi leo. Akauchukua utepe, akatoka nao nje kwenye benchi, akamzungushia mguu mbwa wa mlinzi wa soko, dume lenye afya lililokuwa likisubiri chanjo. Nyekundu. Akamzungushia mbuzi wa mtu. Nyekundu.

"Hapa wote wanalazwa leo," akasema. "Mguu wa mbwa hauna nyama pale, mama. Huyu wako hajakonda. Amezidi kidogo."

"Mbavu nazigusa."

"Ndivyo inavyotakiwa. Hawa wa jamii kubwa hawafai kukua haraka. Mifupa bado laini, uzito ukitangulia, miguu inaharibika." Akanikazia macho. "Kuna kingine unachompa?"

"Unga wa mifupa."

"Kiasi gani?"

"Kijiko."

"Cha chai?"

Nikatazama dirishani. "Cha kupakulia."

Akavuta pumzi. Akaniambia niache siku hiyohiyo, kwani chakula cha jamii yake kimeshapimiwa kila kitu na cha kuongeza kitamuumiza. Kisha akasema lile ambalo sikulitegemea. "Huyu hachagui chakula, mama. Amekufundisha kazi. Akikataa, anajua kinakuja kitamu zaidi. Rudi kwenye mfuko wa mfugaji, umchanganyie kuku kidogo kidogo, kila siku punguza kuku. Weka bakuli chini, hesabu dakika ishirini, ondoa. Hata kama hajagusa. Usimbembeleze, usimkalie mbele. Akipitisha siku nzima bila kula kabisa, niletee. Lakini atakula. Mtoto mzima wa afya hajiui kwa njaa."

Sentensi hiyo niliijua. Niliwaambia kina mama sentensi hiyohiyo, kwa sauti hiyohiyo, mara nisizoweza kukumbuka, kisha nikaita, "Anayefuata." Sikuwahi kuwauliza walifika nyumbani wakafanyaje.

Sasa nilijua walifanyaje. Walisimama jikoni wakiangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini ni ndefu jamani, acha mtu asikudanganye. Bwana Mkubwa alikaa mbele ya bakuli, akanusa, akaja mpaka mlangoni, akaniwekea kidevu juu ya kiatu na kunitazama kwa chini. Dakika zikaisha, nikainua bakuli, yeye akalifuata kwa macho mpaka likapotea kabatini. Siku hiyo aligusa kidogo jioni. Kesho yake asubuhi akala nusu, mchana hakula. Keshokutwa vilevile. Nilimkumbuka mama mmoja aliyekaa kwenye benchi langu analia, nami nikamwambia awapishe wenzake, foleni ni ndefu. Nilimwonea. Nilitamani nimjue anakoishi nikamwombe radhi.

Jumamosi ikafika. Binti yangu aliingia saa saba mchana na gari dogo la mizigo limejaa mpaka juu, akaketi nami kibarazani. Ulikuwa wakati wa mlo. Nikaweka bakuli chini mbele ya mbwa, hapo kuku akiwa amebaki wa harufu tu. Bwana Mkubwa akalikaribia, akanusa, akainua kichwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akajilaza kwa kishindo na kufumba macho.

"Kwa hiyo ndiyo hivi," binti yangu akasema. "Hataki kula."

Nikaingia jikoni. Kwenye jokofu kulikuwa na maini ya jana yake, niliyojinunulia mwenyewe. Nikafunua kibakuli. Vipande vitatu tu, mbwa angelamba mpaka rangi ya bakuli, binti yangu angeona kwa macho yake, na nyumba ingekuwa yangu. Nilisimama pale, kijiko mkononi, nikaanza kuchota. Na nikaiona kesho yake: bakuli limekataliwa, kigoda, hili la mama, hili la daktari, na miguu ile ikipinda chini ya uzito wake. Nikakirudisha kibakuli nikafunga jokofu.

Nilitoka mikono mitupu. Dakika zilipotimia nikainama nikachukua bakuli.

"Mchana huu hakula," nikasema. "Asubuhi alikula nusu. Tulipatana, nami nimeshindwa. Nipe muda nifungashe."

Binti yangu hakuinuka. "Nimesikia mlango wa jokofu. Ulikuwa unafuata nini?"

"Maini."

"Mbona hukumwekea?"

"Yangekudanganya wewe, yangemuumiza yeye."

Alimtazama mbwa. "Mimi nilikuwa hivi?"

"Wewe ulizidi. Ulisusa chakula siku nzima na nusu, una miaka miwili. Baba yako akataka kukuletea biskuti, nikamzuia. Nikakuondolea sahani bila kukutazama. Kisha nikaenda kujifungia bafuni, nikalia mpaka kanga ikalowa."

"Hujawahi kuniambia."

"Sijawahi kumwambia mtu."

Akacheka, halafu akajifuta macho kwa kiganja. "Sasa nisikilize, mama. Mimi nimekuja hapa Jumapili baada ya Jumapili, na kila nikija naongeza kitu. Chumba, bafu, televisheni. Sibembelezi tena. Makubaliano nayafuta. Nyumba ni yako, kaa. Chumba kipo, siku ukikitaka utasema mwenyewe." Akanikumbatia kwa nguvu, akapanda gari, akaenda.

Nilikuwa nimeshinda. Jioni nikaweka bakuli, nikaingia ndani, nikajificha nyuma ya pazia. Bwana Mkubwa alitazama mlango. Hakuna mtu. Akatazama ukuta. Kisha akainamisha kichwa akala, punje kwa punje mwanzoni, halafu kwa pupa, akilisukuma bakuli uani mpaka likagota kwenye ndoo. Hakubakisha hata moja. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni, nikageuka kumtafuta wa kumwambia. Hata jirani alikuwa ametoka.

Jumapili asubuhi nilijikuta nimevaa gauni la kutokea na kukaa kibarazani, chai ya watu wawili mezani. Saa nne ikafika, ikapita. Nilijua vizuri binti yangu alipo, sina uzee wa kiasi hicho. Nilikaa tu. Nikakunywa kikombe changu, nikakunywa na chake, kisha nikampigia simu.

"Amekula," nikasema. "Jana jioni na leo asubuhi. Amemaliza yote."

"Hongera mama. Nilijua utaweza."

Nikasubiri aongeze neno: bafu, bustani, chochote. Nilisikia watu wakishusha makabati upande wake, kitu kikaburuzwa sakafuni. Hakuongeza. Mtoto yule nilimlea vizuri mno.

"Hicho chumba," nikasema, "dirisha lake linaangalia wapi?"

"Uani," akajibu palepale. "Ukiwa kitandani utamwona mbwa."